Kizimba cha mjusi islamu: ziara yetu katika bustani ya nyoka

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wanangu wawili katika bustani moja ya nyoka na mijusi huku Pwani, ambako kiingilio cha mtu mzima ni shilingi 600 na mwongozaji hadai malipo ya ziada. Nyoka walitunzwa vizuri na vizimba vilikuwa safi, lakini kilichonifanya niandike ni kizimba cha mwisho, chenye mchanga, mawe na majani makavu, anamoishi mjusi islamu.

Kijana aliyetuongoza alitutaka tuchuchumae mbele ya kioo, akatuonyesha mistari miwili myeupe inayoshuka mgongoni, kisha akaeleza kwamba chini ya magamba mna vibamba vya mfupa, kwamba mkia ukikatika huota tena, na kwamba jike wa aina hii hatagi mayai bali huzaa watoto hai. Binti yangu akamuuliza, "Kaka, kwa nini anaitwa islamu?" Akamjibu kwa heshima kwamba wazee humtofautisha na mjusi kafiri, yule wa ukutani, ambaye Hadithi inasema aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim.

Hapo ndipo huduma yao ilipozidi matarajio yangu. Alitueleza kwamba Scincidae, jina la kitaalamu la familia hii, lilitoka kwa Wagiriki wa kale waliosema skinkos, likapita katika Kilatini, na kwamba Waarabu nao husema sakankuri wakimkusudia mjusi wa jangwani anayezama mchangani kama samaki majini, ambaye zamani alikaushwa na kuuzwa kama dawa.

Kasoro ni kibao. Kimeandikwa "mjusi" tu, na chini yake Mabuya, jina la jenasi ambalo wataalamu waliacha kulitumia kwa mijusi hawa wa Afrika miaka ya mwanzo ya 2000, walipowahamishia Trachylepis, yaani gamba lenye kukwaruza. Jina hilo lingemshangaza mtazamaji, kwa kuwa mwili wake unang'aa kama uliopakwa mafuta, mpaka atazame kwa karibu na kuona vituta vyembamba juu ya kila gamba la mgongo. Ningependa pia waongeze yule mdogo wa miamba ya matumbawe, anayewinda ufukweni maji yakipwa, kwa kuwa ni wa pwani yetu hasa.

Fikeni asubuhi, jua linapoanza kupiga kizimbani. Tuliporudi saa nane mchana alikuwa amekwisha kujificha chini ya mawe.