Uzoefu wangu: Hekalu la Bhojeshwar, Bhojpur (nyota 4 kati ya 5)

Wabongo tunaosoma India tukipata likizo tunakimbilia Taj Mahal. Mimi nilikuwa Bhopal, nikachukua teksi hadi Bhojpur, kama kilomita 28 kutoka mjini, kuona hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, ambalo ujenzi wake haukuisha. Nauli niliilipa bila kinyongo.

Linahusishwa na Mfalme Bhoja wa karne ya 11. Mimi si Mhindu, wala hakuna aliyeniuliza dini yangu. Nilivua viatu kama wenzangu nikaingia. Ndani kuna nguzo nne kubwa mno, na katikati lingamu, yaani nguzo ya ibada inayomwakilisha Shiva, la jiwe moja lenye urefu wa mita 2.3 na mzingo wa mita 5.4. Nalo limewekwa juu ya jukwaa refu, hata kuhani akitaka kulimwagia maji hupanda ngazi ya chuma.

Ila utamu wenyewe uko nje, na wengi wanaupita wakikimbilia kupiga picha mlangoni. Kwenye miamba ya jirani mafundi walichonga michoro yao ya kazi: nguzo, mapambo, hadi ramani ya jengo. Nyuma ya hekalu lipo tuta la udongo walilotumia kupandishia mawe. Kazi ingeisha, tuta lingeondolewa. Haikuisha, basi lipo mpaka leo. Kwa nini walisimama, wanahistoria bado wanabishana. Sisi wa kuacha nondo zikichungulia angani tukisubiri hela ya ghorofa, hapo hatuhitaji maelezo marefu.

Paa lilikuwa wazi na maji yalikuwa yakiingia, ndiyo maana Idara ya Mambo ya Kale ya India ililiziba kwa kipande cha faibaglasi. Hilo silipingi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya michoro: mistari mingi imefifia, na jua likiwa utosini huioni vizuri. Nenda asubuhi na mapema. Beba soksi pia, maana mawe hayo Aprili na Mei yanaunguza nyayo. Siku ya Maha Shivaratri, sikukuu ya Shiva, umati ni mkubwa; iepuke, labda uwe umefuata sherehe yenyewe.

Ukikodi teksi ya siku nzima, unganisha na mapango ya Bhimbetka yenye michoro ya kale, yaliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2003. Bei ya sehemu zote mbili mpatane kabla hamjaondoka Bhopal.