Uzoefu wangu na baiskeli za umeme za kukodi hapa Mwanza: baiskeli poa, ila betri na chaja fungua macho

Wadau mlionifuata inbox kuuliza kuhusu hizi baiskeli za umeme tunazosambazia mikate, jibu fupi ni kwamba baiskeli nzuri, betri ya wastani, chaja zao zikague mwenyewe kabla hujasaini chochote, na huduma baada ya kukabidhiwa mzigo ni ya kubembelezana. Jina la kampuni silitaji, bado nina mkataba nao na sitaki maneno.

Jibu refu sasa. Nina baiskeli nane, mfumo wa volti 48, betri ya kuchomoa ya 15Ah (ampia-saa, ndo ukubwa wa chaji inayobeba) chini ya keria. Vijana wanatoka Nyakato alfajiri na kreti, wengine Buzuruga na Igoma, wengine Mabatini, wawili wanashuka mpaka Kirumba. Mwanza mnaijua, ni mawe na milima, na baiskeli ya kawaida yenye kreti za mikate ukifika kwenye kilima unashuka unasukuma. Hizi zinapanda. Na umeme wake ni bei ya kawaida tu, betri moja inabeba kama 0.72 ya uniti, ukiweka na kinachopotea kwenye chaja haifiki uniti moja, na uniti kwa tarifu ya kawaida inacheza kwenye shilingi 350 hivi. Nani anapata mafuta ya pikipiki ya kuzunguka asubuhi nzima kwa hela hiyo? Kwa hilo sina neno, nawapa nyota zote.

Shida inaanzia mnaporudi kuchaji. Waliniletea chaja nane kwenye boksi moja, zote nyeusi, zote pini ileile, hamna hata maelekezo. Kijana wangu mmoja aliyesoma umeme VETA akageuza ya kwanza akasoma lebo, 54.6V, ya pili 54.6V, ya tatu 58.4V. Aisee. Kwa msiojua, betri zangu zina seli za lithiamu za kawaida 13 kwa mstari, kila moja ikijaa inafika volti 4.2, zidisha utapata hiyo 54.6. Ile ya 58.4 ni ya betri za LFP, aina nyingine ya lithiamu, zenye seli 16, mnyama mwingine kabisa. Ukiichomeka kwenye betri yangu inaingia vizuri tu, taa nyekundu inawaka, na kinachozuia isijazwe kupita kiasi ni kile kibao kidogo cha saketi ya ulinzi kilichomo ndani ya betri, BMS. Kikifa hicho hamna mwingine wa kukuokoa. Nilipowapigia wakasema "dada, hizo zinaingiliana". Haziingiliani! Nilizirudisha mbili, wakabadilisha baada ya kuwasumbua, na sasa kila chaja na betri yake tumepiga namba kwa rangi nyeupe, namba tatu na namba tatu, basi.

Chumba cha kuchajia ndo kitu ambacho hawakukigusa kabisa kwenye maelezo yao na ndo chenye kazi kubwa. Wao walishauri tuweke stoo ya unga, kwamba pana nafasi. Stoo ya unga ina magunia, ina karatasi za kufungia, iko ukuta mmoja na tanuri, na mlango wake ndo njia ya kutokea. Hizi betri hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45, na chini ya bati saa nane mchana jirani na tanuri sidhani kama ni pa kubahatisha. Nikatengeneza kibanda nje, matofali, sakafu ya zege, madirisha ya nondo hewa ipite, shelfu ya chuma sio mbao, betri zimeachana. Fundi umeme akavuta laini yake yenye breka yake kutoka kwenye mita, soketi moja kwa kila chaja. Chaja zote nane zikiwaka hazivuti umeme mwingi sana, ila ukizipachika zote kwenye ekstensheni ya bei rahisi yenye nyaya nyembamba, ile plagi inalainika. Nshaona duka la jirani, plastiki ya tundu imekuwa kahawia na imejikunja pembeni na jamaa bado anaitumia.

Ratiba yetu ni hivi, wanarudi kama saa nne, betri zinatolewa zinakaa zipoe nusu saa au zaidi ndo zichomekwe, chaja ni za ampia 3 kwa hiyo betri iliyoisha kabisa inakula masaa matano na kitu, mpaka jioni zimejaa na muda wote kuna mtu anapita kushika shika kama kuna inayochemka. Usiku hatuchaji. Usiku waokaji wako bize na tanuri na huwezi kumwambia mtu mwenye mikono ya unga akaangalie betri. Umeme ukikatika tunachomoa zote, maana unavyorudi hapa kwetu unarudi kwa kishindo, tunasubiri utulie. Wenye ruti fupi tunachomoa kabla hazijajaa, hazina haja ya mia kwa mia na betri inadumu zaidi hivyo.

Sasa kisa cha betri namba sita. Kijana aliteleza Mabatini mvua ilipokuwa inanyesha, baiskeli ikalalia upande wa betri kwenye jiwe, kava likapata mpasuko mdogo. Kesho yake kwenye chaji ikawa haijai, taa haibadiliki kuwa kijani, halafu upande mmoja wa moto huku mwingine umepoa. Kijana akanijia, "Mama, namba sita inanuka kama rangi ya kucha". Hiyo harufu tamu tamu ni dawa ya ndani ya seli inatoka, sio mchezo. Tukazima breka, ilikuwa haitoi moshi kwa hiyo aliyevaa glavu akaibeba kwa mshikio mpaka katikati ya uwanja, mbali na ukuta, mbali na baiskeli, watoto wakafukuzwa. Haikuwaka. Ila ingekuwa inatoa moshi hakuna wa kuibeba, ni kutoka wote na kupiga 114 zimamoto, maana ule mtungi wa kuzimia moto wa poda unazima ndimi za moto tu, seli za ndani zinabaki na joto lake na zinawaka tena, zinataka maji mengi sana ya kuzipooza.

Kampuni wakaniambia fundi yuko Dar. Betri ikakaa uwanjani kwangu siku kadhaa imezungushiwa mawe, kuku wanaizunguka. Alipokuja fundi akasema atafungua, atoe seli mbovu, aweke nyingine alizotoa kwenye betri za zamani, anirudishie wiki inayofuata. Nikamwambia kaka yangu, hiyo betri hairudi hapa. Seli zilizochoka na zisizochoka ukizichanganya hazijai sawa, moja inazidishiwa wenzake hawajashiba, na ndo mwanzo wa moto. New York, ambako hizi baiskeli zilishika kasi kwa watu wa delivari, mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa mioto ya betri za lithiamu, na wakapitisha sheria mwaka huohuo kukataza kuunda betri kwa seli zilizotolewa kwenye betri zilizotumika. Nilivutana nao kwenye simu mpaka wakaleta mpya, na walinikata hela ya mwezi mzima kwa baiskeli iliyolala. Hapo nyota moja, tena kwa huruma.

Kitu kingine, vijana waliomba wawe wanalala na betri nyumbani wasafiri nazo asubuhi. Nilikataa wakanuna. Wengi wamepanga chumba kimoja kule mlimani, kitanda, neti, jiko la mkaa na mtoto, mlango mmoja tu, betri unaiweka wapi? Kama kampuni inakwambia "dereva anaweza kuchaji kwake" mkatalieni.

Na jamaa zangu wa Mwaloni mnaotaka kubebea sangara, maji ya barafu yenye chumvichumvi ya samaki yakidondokea kwenye pini za betri yanakula shaba haraka, wekeni kreti isiyovuja. Kuosha ni kitambaa kibichi, sio mpira wa kuoshea magari.

Mkataba wangu ukiisha sichukui hizi tena. Nataka betri za LFP, ni nzito kidogo ila zinavumilia joto zaidi na zinadumu miaka mingi zaidi, na nitataka kwenye karatasi iandikwe betri ikinuka au ikianguka wanaiondoa ndani ya siku moja na nyingine inakuja nzima, sio ya kuchokonolewa. Wameshaniambia hiyo bei inapanda. Kuna mwingine anakodisha za LFP hapa Mwanza? Niandikieni bei.