Ndimu za Pambo

Nimengoja siku kadhaa hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika nazo.

Si zamani sana nilikwenda kwenye baa moja, jina silitaji, kwa sababu moja tu: menyu yao ina ukurasa mzima wa margarita, kile kinywaji cha tekila na ndimu. Ya kawaida, ya kusagwa na barafu, ya embe, ya stroberi, ya ukwaju, ya rosela, ya pilipili, ya meskali (pombe ya agave yenye moshi, ndugu wa tekila), Tommy's, na moja ya buluu ambayo sikutaka hata kuuliza imetiwa nini. Kwa mtu anayekipenda kinywaji hiki kama mimi, ukurasa wa namna hiyo ni sikukuu.

Nikakaa kaunta makusudi, maana napenda kuona mikono ikifanya kazi. Mbele yangu palikuwa na bakuli la kioo limejaa ndimu mbichi, ngozi nyembamba inayong'aa, zile ambazo ukizikwaruza kwa ukucha tu harufu inakupanda puani. Nikaagiza ya kawaida. Mhudumu akainama, akatoa chupa ya plastiki chini ya kaunta, akaanza kumimina maji ya kijani, kijani kile cha sabuni ya vyombo. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Kaka, samahani, naomba unikamulie ndimu badala ya hiyo."

Hakuniangalia. "Dada, hizo ni za pambo."

Za pambo!

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kama naweza kulipia moja, nje ya bei ya kinywaji. Hapo ndipo aliponitazama, juu mpaka chini, akasema kwa sauti iliyofika hadi meza ya jirani: "Wenzako wanakunywa na hawasemi kitu. Margarita ni margarita tu."

Glasi yenyewe ilikuwa na utamu wa peremende unaonata kooni, halafu uchungu fulani unaobaki nyuma ya ulimi. Chumvi ameipaka ukingo mzima, nene, huna pa kuwekea mdomo. Chumvi kidogo hupunguza uchungu na kuichangamsha ndimu. Pale hapakuwa na ndimu ya kuchangamshwa.

Margarita ni vitu vitatu na chumvi, ndiyo maana kosa dogo linaonekana. Tekila inakuja na ukali wa agave, mmea ambao ni ndugu wa mkonge. Pombe ya maganda ya machungwa, kama Cointreau, inaleta utamu. Ndimu ndiyo inayowapatanisha hao wawili. Hata maji ya ndimu halisi, yakikaa saa chache tangu kukamuliwa, harufu yake inaanza kufifia. Sasa yaliyokaa chupani miezi, yakatiwa sukari na rangi, yatampatanisha nani na nani? Na chupa ile ile ndiyo anayoitumia kwa ukurasa mzima! Ya embe ni chupa na embe, ya ukwaju ni chupa na ukwaju. Majina kumi, kinywaji kimoja kibovu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni lile "tu" lake. Kinywaji hiki kimepita mikono ya watu waliokijali. Kitabu cha vinywaji kilichochapishwa London mwaka 1937 kina kitu kinachoitwa Picador: tekila, Cointreau, maji ya ndimu. Jina la margarita halimo, ndimu imo. Julio Bermejo, mtengeneza vinywaji wa San Francisco, aliitoa kabisa ile pombe ya machungwa, akaweka shira ya agave, na ndiyo hiyo Tommy's. Ndimu hakuigusa. Na Mariano Martinez kule Dallas, mwaka 1971, wahudumu wake walipolemewa na kazi ya kusaga na wateja wakaanza kulalamika, alikwenda akageuza mashine ya aiskrimu laini ikawa ya margarita. Mashine ile leo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mteja alilalamika, mwenye baa akahangaika. Mimi nimelalamika, nimeambiwa wenzangu wanakunywa.

Nilikuwa nimeshashika mkoba niondoke. Yule kaka akaenda nyuma, akaja binti mmoja kushika nafasi yake. Akaiona glasi yangu imejaa, akauliza, "Haikukupendeza, dada?" Nikamwambia ukweli. Hakujitetea. Alinyoosha mkono kwenye lile bakuli, akachukua ndimu mbili, akazikata, akazikamua mbele yangu. Akatia meskali, vipande viwili vya pilipili mbichi, akatikisa mpaka chombo kikaota jasho la baridi. Chumvi nusu ukingo tu.

Sijui niielezeje. Moshi ndio unaotangulia, ule unaotokana na agave kuchomwa kwenye shimo la ardhini. Kisha pilipili inapanda taratibu, na wakati unadhani itakuzidi, ndimu inakuja inasafisha kila kitu. Nilinyamaza. Ni margarita nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa, na imetoka kaunta ileile, kwa ndimu zilezile.

Yule kaka akarudi, akaona maganda. "Nani amekuruhusu kugusa hizi?" Mbele yangu, mbele ya watu. Binti akainamisha kichwa: "Samahani, kaka." Nikasema mimi ndiye niliyeomba, hakunijibu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa ajili ya ile glasi ya pili. Sasa nimefika hapa, namwona tena yule binti akikusanya maganda kwa kiganja, na mkono unakataa. Naweka moja. Na bado nitarudi, siku ambayo zamu ni yake, kama watakuwa hawajamfukuza. Nitaagiza ya ukwaju.