Uzoefu wangu na pawa saplai mpya kwenye mashine ya gemu ya 1989 iliyogoma kuwaka

Nina kabati la zamani la gemu lenye bodi ya Final Fight, ile gemu ya kupigana ya Capcom ya 1989. Ilikuwa inapiga kazi vizuri tu mpaka siku moja nawasha, taa ya bango la juu inawaka, skrini nyeusi, sauti hakuna. Nikazima nikawasha tena, safari hii zikaja rangi zimevurugika kama mtu kamwaga, zikapotea, zikarudi, yani kila baada ya muda mfupi inaanza upya halafu haifiki popote. Nikachungulia nyuma ya skrini shingo ya tyubu inang'aa rangi ya chungwa, nikasema basi skrini ni nzima, shida iko kwenye umeme au kwenye bodi.

Kabla sijatoa hela nikaanza na vya bure. Plagi sawa, fyuzi nikaipima kwa multimita (usiiangalie kwa macho tu, nshawahi kudanganywa na fyuzi iliyoonekana nzima). Hapo nikapoteza karibu saa zima kwa ujinga, kila ninapopima sifuri, kumbe kabati langu lina kaswichi mlangoni kwa nyuma kanakata umeme ukifungua mlango, mimi nikadhani mashine imekufa kabisa.

Haya, pawa saplai ya zamani. Nikaipima ikiwa peke yake inatoa volti 5.0 safi, nikasema mbona nzima. Nilipochomeka bodi ikashuka mpaka 4.1. Hapo ndo nilielewa kupima bila mzigo ni kujidanganya, maana chipu za bodi hizi zinataka kati ya 4.75 na 5.25, chini ya hapo prosesa inachanganyikiwa na kile kisakiti cha ulinzi kwenye bodi kinairestati kila saa. Nikaagiza mpya, zile za switching za kawaida zenye 5, 12 na -5 na kaskrubu kadogo ka kurekebisha volti.

Imekuja kwenye boksi zuri, karatasi ya maelekezo hakuna. Sio ishu kubwa kama unajua waya zako, ila kwa anayeanza ni hatari, ukikosea ukapeleka 12 kwenye njia ya 5 bodi umeiua. Nikaiwasha kwanza bila bodi, nikairekebisha mpaka 5.02, nikazima, nikachomeka bodi, nikawasha kwa mbwembwe zote.

Kitu kile kile. Rangi, giza, rangi, giza.

Nilikasirika nikawa nishaanza kuandika nyota moja, bahati nzuri kabla sijatuma nikapima tena, ila safari hii sio kwenye terminali za pawa saplai, nikaweka ncha za multimita kwenye bodi yenyewe pale plagi inapoingia. Kwenye pawa saplai 5.02, kwenye bodi 4.58! Volti 0.44 zinapotelea njiani. Hizi bodi za JAMMA (mpangilio wa waya unaofanana kwenye mashine nyingi za gemu) zina plagi ya pini 56, na 5V inapita kwenye pini nne tu, 3, 4, C na D, nilipoichomoa hizo ndo zilikuwa nyeusi zimeungua, plastiki imeanza kubadilika rangi. Na hesabu yake ni ndogo tu, tuseme bodi inavuta ampea 4, ukinzani wa omu 0.1 pale kwenye kutu unatosha kula volti 0.4 nzima.

Najua kuna watu watasema si ungepandisha tu ile skrubu mpaka bodi ipate 5. Usifanye hivyo, ule upotevu unageuka joto palepale kwenye plagi, leo inawaka kesho unanusa plastiki.

Nikasugua meno ya bodi, yale yanayoingia kwenye plagi, kwa ufutio mweupe, nikapangusa kwa spiriti, ile plagi nikaitupa nikaweka mpya, waya moja moja kwa lehemu, jioni mbili zimeisha hapo. Skrini na ile waya yake nene yenye kikombe cha mpira sikugusa kabisa, mle ndani kuna volti zaidi ya elfu 20 na zinabaki hata ukizima. Nikawasha, kwenye bodi 4.97, na ikapanda gemu moja kwa moja. Toka siku hiyo haijarestati hata mara moja, nshaicheza mpaka saa tatu mfululizo na pawa saplai ni vuguvugu tu.

Kwa hiyo pawa saplai hii naipa nyota 4 na sio ile moja. Ukiiagiza agiza na plagi mpya kabisa pamoja. Nyota niliyokata ni ya ile karatasi, pamoja na skrubu za terminali ambazo zilikuja zimelegea zote, na iliyolegea kuliko zote ilikuwa ya 5V.