Reli ya mwendo kasi mashambani: tuta au daraja?

Penye ardhi ngumu, tuta ni nafuu. Udongo wa juu wenye mizizi huondolewa, kisha udongo teule humwagwa kwa tabaka za sentimita 30 hivi. Kila tabaka hunyunyiziwa maji, hushindiliwa na kupimwa kabla ya jingine. Njia ya Paris–Lyon (1981) ilipanda vilima kwa miinuko ya hadi asilimia 3.5 bila handaki hata moja.

Kasoro za tuta? Tuta la kimo cha mita 6 hula upana wa zaidi ya mita 30 za shamba, na kalvati (mifereji ya kupitisha maji chini yake) zikiwa ndogo linageuka bwawa mvua ikinyesha. Baya zaidi ni ardhi ya tope: tuta hutitia polepole kwa miaka, ilhali treni ya kilomita 300 kwa saa haivumilii reli iliyobonyea hata milimita chache.

Ndiyo maana zaidi ya asilimia 80 ya njia ya Beijing–Shanghai, China (2011, kilomita 1,318) iko juu ya madaraja. Misingi ya nguzo huzamishwa hadi kwenye udongo wenye uwezo wa kubeba, na boriti za zege za mita 32, tani 900 hivi kila moja, hutengenezwa kwenye karakana kando ya njia. Trekta hupita chini bila kuomba ruhusa. Ila karakana hiyo hailipi kwa madaraja mafupi yaliyotawanyika.