Pampu ya joto: ruzuku ya papo hapo au nafuu ya kodi?

Hili swali la wanaotaka kufunga pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje kupasha nyumba) haliishi. Tuanze na hela ya mfukoni, hapo ruzuku inashinda bila ubishi. Kule England na Wales fundi ndo anakuombea, pauni 7,500 zinakatwa kwenye bili yako, wewe unalipa kilichobaki basi. Nafuu ya kodi ni kinyume, unatoa hela yote kwanza halafu unasubiri msimu wa ritani (fomu za kodi za mwaka). Ile ya Marekani ilikuwa asilimia 30 ya gharama, mwisho dola 2,000 kwa mwaka, sasa kama kodi unayodaiwa mwaka huo ni dola 900 unapata hizo 900 tu, zilizobaki zimeyeyuka, mwakani huzibebi. Hapa wengi wanaumia maana wanasikia "2,000" wanaanza kuzipangia matumizi.

Usumbufu je? Ruzuku inakubana kwa fundi, lazima awe amesajiliwa, na fungu likiisha unasubiri. Kwenye kodi una uhuru zaidi, we tunza risiti na namba ya modeli ya mashine.

Uhakika, mmh, zote zinategemea wanasiasa. Hiyo ya Marekani imeshafutwa kwa mashine zilizowekwa baada ya 31 Desemba 2025, aliyechelewa siku moja kaikosa.

Kwa hiyo huna akiba, au kipato chako hakitozwi kodi kubwa? Fuata ruzuku. Una akiba, kodi inakukamua kila mwaka na una fundi wako unayemwamini, nafuu ya kodi ikiwepo itakufaa zaidi.