HX711 kwenye mizani ya shangazi: moduli nzuri, ila ipime kwanza

Moduli hii ya HX711, bodi ndogo inayosoma uzito kutoka kwenye lodi seli (kipande cha chuma kinachogeuza uzito kuwa umeme mdogo sana), niliinunua kwa shilingi 7,000 hapa Mwanza, nikaifunga kwenye mizani ya shangazi yangu anayeanika dagaa. Anataka kujua ndoo ya dagaa wabichi ikishakauka inabaki kilo ngapi. Kuuzia wateja ni jambo jingine. Hapo lazima mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Kabla ya hapo nilikuwa nimechomeka lodi seli moja kwa moja kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta inayosoma volti, nikapoteza Jumamosi nzima. Lodi seli yangu ya kilo 20 hutoa milivolti 1 kwa kila volti unayoilisha. Ilishe volti 5, ipakie kilo zote 20, unapata milivolti 5 basi. Uno nayo inagawa volti 5 katika ngazi 1,024, kila ngazi karibu milivolti 4.9. Yaani mzigo wote ule unasogeza namba kwa ngazi moja! Tena hizo milivolti ni tofauti kati ya waya nyeupe na ya kijani, zote mbili zikiwa kwenye volti 2.5 hivi, wakati Uno inasoma waya mojamoja dhidi ya GND, yaani sifuri ya umeme.

HX711 inamaliza kazi hiyo ndani ya chipu moja. Inachukua tofauti ya waya hizo mbili, inaikuza mara 128, ndipo inaigeuza kuwa namba ya biti 24. Inasoma mara 10 kwa sekunde, na kwa mwendo huo inachuja vizuri mvumo wa umeme wetu wa hezi 50. Pini ya RATE ukiiinua, inasoma mara 80. Nilijaribu, namba zikaanza kurukaruka, nikairudisha. Kwa kupima ndoo, mara 10 zinatosha kabisa.

Sasa lawama. Siku ya kwanza sufuria ya mizani ilikuwa tupu na namba zinatambaa zenyewe. Nikabadilisha lodi seli, nikabadilisha waya ya USB, wapi! Usiku nikachukua mita, nikaiweka kwenye mlio (inalia pakiwa pameungana), ncha moja kwenye E-, yaani upande hasi wa umeme unaolisha lodi seli, nyingine GND. Kimya. Kwenye bodi ile ya kijani E- haikuungwa na GND kabisa. Nikalehemu kipande cha waya chembamba, si kirefu kuliko punje mbili za mchele, na namba zikatulia palepale. Chipu haina kosa. Aliyechapa bodi ndiye aliyeacha njia moja ya shaba. Inaniuma, kwa sababu mwanafunzi anayeanza akikutana na bodi kama hiyo atadhani yeye ndiye hajui.

Hizo biti 24 nazo usizichukue zote kwa uhakika, tarakimu za mwisho hucheza daima. Mimi nachukua wastani wa vipimo 10, na mizani inatulia ndani ya gramu 2. Waya za lodi seli ziwe fupi, zisipite karibu na chaja ya simu, na uiache iwake dakika kadhaa kabla ya kuweka sifuri.

Shangazi sasa ana daftari lenye safu mbili, wabichi na wakavu, na jirani yake ameshaomba mizani kama hiyo. Nitanunua HX711 tena bila kusita, ila safari hii naenda dukani na mita mfukoni.